Kuachilia vitabu: Desturi ya kumwachia usiyemjua kitabu ulichokwisha kusoma

KITABU kilicholazwa juu ya benchi la bustani bila mtu kando yake kwa kawaida huchukuliwa kuwa kimesahauliwa. Mpita njia mwema atakipeleka kwa mlinzi wa lango, na asiye mwema atakitia kwapani aende zake.

Lakini vipo vitabu ambavyo havikusahauliwa. Ukifunua jalada, unakuta kibandiko chenye nambari na maneno machache. Maneno hayo humwarifu aliyekiokota kwamba kitabu hakikupotea, kwamba ana ruhusa ya kukichukua na kukisoma, na kwamba akishamaliza anaombwa amwachie mwingine.

Desturi hii ilipata jina lake mashuhuri nchini Marekani mwaka wa 2001, nalo ni BookCrossing. Miaka mitatu tu baadaye, mnamo 2004, jina hilo lilikuwa limeingizwa katika kamusi ya Concise Oxford kama neno la kawaida la Kiingereza. Kiswahili hakina neno moja lililozoeleka kwa jambo hili. Hapa litaitwa kuachilia vitabu, maadamu ndivyo wafuasi wake wenyewe wanavyozungumza: kitabu "huachiliwa" mithili ya ndege aliyekuwa tunduni, na anayekipata husemekana "amekinasa".

Chimbuko lake

Aliyebuni mpango huu ni Ron Hornbaker, mtaalamu wa programu za kompyuta. Mnamo Machi 2001, yeye na mkewe walikuwa wakitazama tovuti iliyoitwa PhotoTag, ambayo ilifuatilia safari za kamera za bei nafuu zilizoachwa mahali pa wazi ili kila anayeziokota apige picha na kuzipitisha mbele. Hornbaker alikuwa pia na habari za Where's George?, tovuti iliyoanzishwa mwaka wa 1998 kufuatilia noti za dola kwa kutumia nambari zilizopigwa juu yake.

Akajiuliza ni kitu gani kingine ambacho watu wangependa kukijua kilikopitia. Jibu lilikuwa mbele ya macho yake, katika kabati la vitabu lililojaa nyumbani kwao. Mwezi uliofuata, Aprili 2001, tovuti ilikuwa tayari.

Tofauti kati ya vitu hivyo vitatu yastahili kuzingatiwa, kwa kuwa ndiyo inayoeleza kwa nini kitabu kilidumu. Noti haihitaji kuachiliwa na mtu. Itatoka mfukoni tu, mwenyewe apende asipende, na anayeipokea haipokei kwa ajili ya aliyekuwa nayo kabla yake. Kamera ya filamu ina idadi maalumu ya picha, na zikiisha safari nayo imekwisha. Kitabu hakipungui kwa kusomwa. Anayekiachilia hutoa kitu ambacho bado ni kizima, na pengine amekipenda, kwa mtu ambaye hatamwona. Hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe.

Tovuti ilikua polepole katika miezi ya kwanza, kisha magazeti na majarida yalipoanza kuiandika wanachama wakamiminika. Leo vitabu vilivyosajiliwa vimepita milioni 10, na wanachama wametoka katika nchi zaidi ya 100. Mbali na Marekani kwenyewe, Ujerumani na Uingereza ni miongoni mwa nchi ambako desturi hii ilishika mizizi zaidi.

Jinsi inavyofanya kazi

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Mwenye kitabu hukisajili katika tovuti bila malipo, naye hupewa nambari ya pekee isiyofanana na ya kitabu kingine chochote, hata cha anwani na toleo lile lile. Nambari hiyo huandikwa ndani ya jalada, ama kwa kalamu ama kwenye kibandiko. Kisha kitabu huachwa mahali na mwenyewe huandika katika tovuti siku na mahali alipokiacha.

Anayekiokota akiingiza nambari hiyo hufunguliwa ukurasa wa kitabu hicho. Humo atasoma kilianzia wapi, nani walikisoma kabla yake na walikionaje, na anaweza kuongeza neno lake. Halazimiki kujiunga wala kutaja jina. Ujumbe wake humfikia kila mwanachama aliyekwisha kukipitisha kitabu mikononi mwake.

Wafuasi wa desturi hii hutofautisha namna mbili za kuachilia. Ya kwanza ni kukiacha kitabu popote pa wazi, iwe ni kwenye kiti cha gari moshi, juu ya ukuta mfupi au katika kibanda cha simu, na kukiaminia bahati. Ya pili ni kumlenga mtu au mahali: kukipeleka kwenye rafu ya mkahawa uliokubali kuwa kituo cha vitabu hivyo, au kumtumia kwa posta mwanachama mwingine aliyekitamani. Kuna hata vitabu vinavyozungushwa kwa zamu miongoni mwa watu waliojiandikisha, kila mmoja akikisoma na kumtumia anayefuata katika orodha, mpaka kinarudi kwa mwenyewe kikiwa kimechakaa kwa heshima.

Namna ya kwanza ndiyo inayosisimua na ndiyo iliyoandikwa sana magazetini. Ya pili ndiyo inayofikisha vitabu.

Kimya cha kitabu

Jambo ambalo mgeni wa desturi hii hucheleweshwa kuambiwa ni kwamba vitabu vingi vinavyoachwa mahali pa wazi havirudishi habari. Sababu si lazima ziwe mbaya. Mfagiaji amekiona mapema kuliko msomaji, akakitia jaani. Mvua imenyesha. Aliyekiokota amedhani kibandiko ni tangazo la biashara au mtego, akaogopa kuingiza nambari asiyoijua katika tovuti asiyoijua. Au, na pengine hili ndilo la mara nyingi, amekichukua, amekisoma, amekifurahia, na hakuona haja ya kumwandikia mtu.

Mara nyingine habari hufika baada ya miaka mingi. Kitabu kilikuwa kimelala katika rafu ya nyumba fulani. Wenyewe wakahama, aliyepewa kazi ya kupanga vitu akafunua jalada, akaiona nambari. Wanachama wa siku nyingi hupokea ujumbe wa namna hii kuhusu vitabu ambavyo wao wenyewe hawakumbuki tena kuwa waliwahi kuwa navyo.

Kwa hivyo mtu anayeachilia kitabu kwa kutaka shukrani atavunjika moyo upesi. Wanaodumu ni wale ambao, wakati wa kukiweka kitabu juu ya benchi, wamekwisha kukihesabu kuwa si chao. Ujumbe ukija ni faida juu ya mtaji ambao walikwisha kuusamehe.

Je, ni halali?

Waandishi na wachapishaji kadhaa waliitazama desturi hii kwa jicho la shaka tangu mwanzo. Hoja yao haikosi msingi: nakala moja ikisomwa na watu kumi, mwandishi hulipwa mrabaha wa nakala moja. Wanaoitetea hujibu kwamba msomaji aliyekutana na mwandishi kwa bahati ndiye huyo huyo atakayekwenda dukani kutafuta kazi zake nyingine. Hoja zote mbili zina ukweli ndani yake, na hakuna iliyowahi kuishinda nyingine.

Kisheria, hata hivyo, suala hili lilikuwa limekatwa huko Marekani kabla intaneti haijawazwa. Mchapishaji Bobbs-Merrill alikuwa amechapa ndani ya riwaya yake moja, The Castaway, onyo kwamba kitabu hicho kisiuzwe kwa bei ya chini ya dola moja, na kwamba atakayefanya hivyo atakuwa amevunja hakimiliki. Wenye duka la Macy's jijini New York wakakiuza kwa senti 89. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, ambayo mwaka wa 1908 iliamua kwamba mchapishaji akishaiuza nakala, hana tena mamlaka juu ya mauzo yake ya baadaye. Aliyeinunua aweza kuiuza tena, kuitoa zawadi, au kuiacha juu ya benchi.

Ikumbukwe kuwa haki hiyo ni ya nakala yenyewe, yaani karatasi, gundi na jalada. Haimpi mtu ruhusa ya kuinakili. Anayempa jirani yake riwaya aliyoimaliza hajamwibia mwandishi. Anayeipiga picha ukurasa kwa ukurasa na kuisambaza kwa simu katika kundi la watu 200 amefanya jambo jingine kabisa, hata kama nia yake ni ile ile ya kuwafaa wenziwe. Nchini Kenya, ambako vitabu teule vya fasihi huenezwa kwa njia hiyo kila mwaka, tofauti hii haijawaingia wengi.

Vitabu vya kielektroniki navyo viko upande wa pili wa ukuta. Kwa kawaida mnunuzi hapati kitabu bali kibali cha kukisoma, na kibali hakiachwi bustanini. Mnamo Julai 2009 kampuni ya Amazon iliwafutia wateja wake nakala za riwaya mbili za George Orwell zilizokuwa tayari katika vifaa vyao vya Kindle, kwa kuwa aliyeziuza hakuwa na haki nazo. Mojawapo ilikuwa Animal Farm, ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kama Shamba la Wanyama katika tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka wa 1967. Mwenye nakala kuukuu ya Kawegere, hata kama kurasa zimegeuka rangi ya chai, hawezi kufanyiwa hivyo na mtu yeyote.

Ndugu za desturi hii

Haikuwa lazima kila anayetaka kugawa vitabu ajisajili mtandaoni. Mnamo 2009, katika mji mdogo wa Hudson, jimbo la Wisconsin, Marekani, Todd Bol alijenga kisanduku chenye umbo la shule ya chumba kimoja, akakijaza vitabu na kukisimamisha juu ya mti mbele ya nyumba yake. Alikifanya kwa kumbukumbu ya mamake, aliyekuwa mwalimu. Majirani walikipenda, na kutokana nacho likazaliwa shirika la Little Free Library.

Azma ya mwanzo ya Bol na mwenzake Rick Brooks ilikuwa kuzidi maktaba 2,509, idadi ambayo hutajwa kuwa ndiyo aliyoijenga tajiri Andrew Carnegie. Waliivuka mnamo 2012. Bol alifariki mwaka wa 2018, na visanduku hivyo vikapita 100,000 mnamo 2020.

Uingereza nako, wakazi wa kijiji cha Westbury-sub-Mendip walikinunua kwa pauni moja kibanda chekundu cha simu ambacho hakikuwa na kazi tena, wakakigeuza maktaba mwaka huo huo wa 2009. Vijiji vingine vikaiga. Jijini London, kikundi cha Books on the Underground kilianza mwaka wa 2012 kuacha vitabu katika magari moshi ya chini ya ardhi, na Novemba 2016 mwigizaji Emma Watson alijiunga nacho kuacha nakala za kitabu cha Maya Angelou katika vituo. Vyombo vya habari vilimshangilia, ingawa kitabu kilichoachwa na mtu maarufu huokotwa kwa ajili ya mtu huyo zaidi kuliko kwa ajili ya kitabu.

Singapore ilikwenda mbali kuliko wote kwa upande wa serikali. Mwaka wa 2007 Bodi ya Taifa ya Maktaba ilitenga sehemu 2,000 kuwa vituo vya kuachia vitabu, na nchi hiyo ikatambuliwa kuwa ya kwanza rasmi ya BookCrossing duniani.

Wakfu wa pwani

Kwa mwenyeji wa pwani ya Afrika Mashariki, wazo la kitabu kinachobeba ndani yake maagizo kuhusu wasomaji watakaofuata si geni hata kidogo. Miongoni mwa maandishi ya mkono yaliyohifadhiwa katika Msikiti wa Riyadha, Lamu, yamo yaliyowekwa wakfu na wenyewe. Mwenye kitabu aliandika ndani yake kwamba amekitoa kwa ajili ya wenye kutafuta elimu, na tangu hapo hakikuwa mali ya mtu. Kitu cha wakfu hakiuzwi, hakitolewi zawadi wala hakirithiwi.

Anayeachilia kitabu hana sharti kali kiasi hicho, wala hakusudii ibada. Lakini amali ni moja: mstari wa wino unakitoa kitabu katika miliki ya mtu mmoja na kukiweka mbele ya watu asiowajua, wengine ambao hawajazaliwa. Tofauti kubwa ni kwamba wakfu una msimamizi. Kitabu cha wakfu hukaa mahali panapojulikana, chini ya jicho la mtu mwenye dhamana, ilhali kitabu cha benchini hakina mlezi ila kibandiko chake.

Na kibandiko hicho kina kazi nyingine ambayo wakazi wa Lamu au Mombasa wataielewa mara moja. Kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu, aliyeokota kitu cha thamani kilichopotea anawajibika kukitangaza ili mwenyewe ajitokeze. Kitabu kisicho na maelezo humtwika muokotaji mzigo huo. Chenye maelezo humwondolea.

Hali ilivyo Kenya

Mtu atauliza iwapo desturi iliyozaliwa katika nchi ambako kabati za vitabu hufurika yaweza kuwafaa watu ambao kitabu kwao ni gharama. Swali ni la haki. Sheria ya Ushuru wa Thamani ya Ziada ya mwaka wa 2013 ilitoza vitabu asilimia 16, na kitabu kipya cha hadithi kilikuwa tayari kinashindania shilingi na unga. Riwaya iliyoachwa katika kituo cha matatu jijini Nairobi ina uwezekano mkubwa wa kufika, kabla ya jua kutua, kwa mmoja wa wachuuzi wanaotandaza vitabu chini kandokando ya barabara, katika yale maduka ambayo wateja wameyabatiza jina la "inama".

Hilo, ukilitazama vizuri, si hasara. Kitabu kilichofika kwa mchuuzi kitanunuliwa na mtu anayetaka kukisoma, kwa bei anayoimudu. Kibandiko kikiwa bado kimo ndani, safari haijakatika.

Kizuizi kikubwa zaidi ni usalama. Katika nchi iliyoshuhudia shambulio la ubalozi wa Marekani mwaka wa 1998 na lile la Westgate mwaka wa 2013, furushi lisilo na mwenyewe halichekewi. Wanachama wa ng'ambo hukitia kitabu katika mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, ili kisiogopeshe watu wala kisilowe. Hapa njia hiyo haifai, kwani Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017. Kitabu chataka kuwekwa wazi, bila kufungwa, na chini ya paa.

Kwa sababu hizo, namna ya pili ya kuachilia ndiyo inayoelekea kufaa zaidi nchini: rafu ndogo kwa kinyozi au msusi, katika chumba cha kusubiri cha zahanati, ofisi ya chama cha matatu, au barazani ambapo wazee hukaa jioni. Hizo ni sehemu ambazo watu hungoja kwa saa nzima wakitazama ukuta. Mwenye mahali huombwa ruhusa kwanza, naye bila kujijua huwa ndiye msimamizi ambaye kitabu cha benchini hukikosa.

Kuhusu vitabu vyenyewe, vipo vingi kuliko inavyodhaniwa. Kila mara riwaya teule ya Kiswahili inapobadilishwa katika shule za upili, maelfu ya nakala za ile ya zamani huachwa bila kazi. Ilikuwa hivyo Chozi la Heri ya Assumpta Matei ilipoanza kutahiniwa mwaka wa 2018 badala ya Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, na ikawa hivyo tena mwaka wa 2023 zamu ilipofikia Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Mchuuzi hazitaki kwa kuwa mwanafunzi haziulizi. Nazo hukaa chini ya vitanda na juu ya makabati, pembeni zikiwa na maelezo ya penseli kuhusu maudhui na tamathali za usemi, kana kwamba hadithi ilikufa siku mtihani ulipoisha. Msomaji mzima asiyetahiniwa na mtu, akiwa amekaa kwa msusi, hajali riwaya ilikuwa teule mwaka gani.

Yasiyofaa kuachiliwa ni vitabu vyenye mhuri wa maktaba au wa shule, kwa kuwa hivyo vina mwenyewe, na vile vilivyopoteza kurasa, hasa za mwisho. Kitabu cha maelezo ya tiba au ya sheria kilichopitwa na wakati nacho ni bora kibaki nyumbani.

Asiye na haja ya tovuti aweza kukiandikia kitabu kibandiko kwa mkono, na hapo lugha ina maana. Maneno ya Kiingereza peke yake humfanya muokotaji adhani kitabu ni cha mgeni aliyekisahau. Yatosha kuandika: "Kitabu hiki hakikupotea. Nimekisoma, sasa ni zamu yako. Ukimaliza, mwachie mwenzio." Chini yake hutiwa tarehe na jina la mahali kilipoachwa, bila nambari ya simu wala anwani ya nyumbani, na sehemu iliyosalia ya ukurasa huachwa tupu kwa ajili ya watakaofuata.